Nilikunywa mvinyo kabla sijajua nina mimba. Je, nimemharibu mwanangu?

Shikamoo mama,

Nina miaka 26, naishi Hombolo, nina mtoto wa kiume wa miezi 7. Nakuandikia saa tisa usiku. Yeye amelala hapa pembeni, mimi usingizi hauji.

Mwaka jana nilikuwa kibarua kwenye mashamba ya zabibu, na mavuno yalipoisha nikabaki kwenye banda la kukamulia. Tajiri alitulipa kwa wiki, na jioni alitutolea mvinyo kwenye jagi, kila mtu na kikombe chake cha plastiki. Wengine tulikunywa viwili, vitatu, na Jumamosi zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeacha sindano ya uzazi na hedhi ilikuwa haijakaa sawa, kwa hiyo kutoona siku zangu hakukunishtua. Nilipokwenda kupima nikaambiwa mimba ina miezi minne. Tangu siku ile sijagusa pombe, Mungu ni shahidi yangu. Lakini miezi minne ilikuwa imeshapita. Tena kuna siku nilikuwa naosha mabomba ya dawa ya zabibu bila glavu.

Mimba ilipofika miezi sita, kaka yangu niliyemfuata akafariki kwa ajali ya bodaboda. Nililia, chakula hakipiti. Mume wangu alikuwa machimboni Mererani. Alikuja kuzika, akarudi, na kuanzia hapo simu ikawa haipokelewi. Baadaye nikasikia ana mwanamke huko. Nimejifungua yeye hayupo.

Mtoto alizaliwa siku zake zimetimia, kilo 2.8, akalia palepale. Ananyonya vizuri, anacheka, ukimshika kiunoni anakaa. Lakini anashtuka sana. Mlango ukibamizwa anaruka na kulia, na usiku analia. Mama mkwe anasema mtoto huyu ameloweshwa kwenye pombe tangu tumboni, na akikua ni wa kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, kama shangazi yake mume wangu. Analisema mbele ya watu, hata msibani. Nikaingia kwenye simu kusoma, nikakuta kweli pombe inaharibu ubongo wa mtoto tumboni, na kwamba mama akiwa na msongo wakati wa mimba, mtoto anaweza kuja kuugua akili ukubwani. Tangu hapo sina amani.

Sasa namwangalia mwanangu kama mtu niliyemkosea. Nikiona mtoto wa jirani amekaa mwenyewe, tumbo linanikata. Nimeacha kwaya, na kumwimbia yeye nimeacha pia. Mara nyingi namwachia mdogo wangu ambebe, mimi nakaa tu. Juzi nikawaza bora tungekufa wote wawili siku ile ya kujifungua. Sijamwambia mtu.

Mama, niambie ukweli. Nimemharibu? Kuna dawa ya kuusafisha ubongo wake?

Mama B., Hombolo

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye sentensi moja: kwamba bora mngekufa wote wawili. Tuanze hapo, mvinyo utasubiri. Wazo hilo huwajia akina mama wengi kuliko wanaothubutu kulisema, na ni dalili ya ugonjwa unaotibika, sonona inayowapata akina mama baada ya kujifungua. Leo, kabla jua halijazama, mwambie mdogo wako maneno uliyoniandikia mimi, yaleyale. Kesho asubuhi akusindikize kituo cha afya. Wazo likirudi kwa nguvu kabla ya hapo, usibaki peke yako na mtoto. Mwambie aliye karibu ambebe mtoto, na wewe upelekwe hospitali hata kama ni usiku wa manane. Usione aibu kuamsha watu.

Sasa ukweli ulioniomba.

Pombe haizuiliwi na kondo la nyuma. Mama akinywa, baada ya muda mfupi damu ya mtoto nayo ina pombe kiasi kinachokaribia cha mama, na ini lake changa haliwezi kuiondoa vizuri. Daktari Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, aliandika mwaka 1968 juu ya watoto waliozaliwa na wazazi walevi. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, wakaipa hali hiyo jina. Watoto wale walikuwa wadogo wa umbo, kichwa kidogo, mpasuo wa macho mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na kile kifereji kati ya pua na mdomo kimelala bapa kabisa. Wengine sura haionyeshi chochote, lakini wakianza shule ndipo unaona: anasahau alichofundishwa jana, hatulii, hasira inampanda ghafla. Wakikua, sonona na ulevi huwapata zaidi kuliko wenzao. Hakuna kiasi cha pombe ambacho kimethibitishwa kuwa salama kwa mjamzito, na vikombe viwili vitatu kila jioni si kidogo. Sitakudanganya, mwanangu.

Lakini jagi lile la jioni limeniuma kuliko vyote. Huko Western Cape, Afrika Kusini, wafanyakazi wa mashamba ya zabibu walikuwa wakilipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo. Mfumo huo waliuita dop. Ulipigwa marufuku, mazoea yakabaki, na watafiti wamekuta katika jamii za huko idadi ya watoto walioathiriwa na pombe tumboni ambayo ni miongoni mwa kubwa kabisa zinazojulikana duniani. Dodoma tunajivunia zabibu zetu, na zinastahili. Kwa hiyo tajiri anayewamiminia vibarua mvinyo, akijua kabisa kwamba nusu yao ni wasichana wa umri wa kuzaa, asikae pembeni wakati lawama zote zinabebwa na wewe. Laiti angewapa chakula cha jioni.

Tazama sasa yaliyo upande wa mwanao. Ulipojua, uliacha siku ileile. Ubongo hauumbwi ukaisha katika miezi minne. Unaendelea kukua mimba nzima, na miezi mitatu ya mwisho ndiyo unapoongezeka kwa kasi kubwa, kwa hiyo kila wiki uliyokaa bila pombe ilikuwa wiki ya ubongo kukua bila sumu hiyo. Na watoto waliopatwa na pombe tumboni hawadhuriki wote wala kwa kiasi kimoja. Inategemea mama alikunywa kiasi gani, mara ngapi, alikuwa anakula nini, na mwili wake mwenyewe. Mtoto aliyetimiza siku zake, kilo 2.8, aliyelia palepale, anayenyonya na kucheka na kukaa akishikwa akiwa na miezi 7, ameanza vizuri. Wengi hukaa bila kushikwa kati ya miezi 6 na 9, kwa hiyo huyo wa jirani hajamwacha wako nyuma. Mfereji wa uti wa mgongo na ubongo nao hujifunga siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa, mama hajajua lolote. Usipojifunga ndipo tunapata watoto wa mgongo wazi. Wa kwako ulijifunga.

Kushtuka mlango ukibamizwa ni kawaida ya watoto. Cha kukimbilia hospitali siku hiyohiyo ni kingine: mtoto kujikunja au kurusha mikono ghafla, mara nyingi mfululizo, hasa anapoamka, bila kelele yoyote. Ukiona hivyo, mrekodi kwa simu umwonyeshe daktari.

Dawa ya zabibu: baadhi ya zile za ukungu ni salfa na shaba. Zinazotutia hofu zaidi kwa ubongo wa mtoto ni za kuua wadudu, na siwezi kujua kwa barua uliosha bomba la ipi. Usiziguse tena unaponyonyesha, na nguo za shambani zisiguse mtoto.

Tuje kwenye huzuni, maana naona hiyo ndiyo inayokula usingizi wako. Mama akiwa na dhiki, mwili wake humwaga homoni inayoitwa kotisoli. Kondo la nyuma lina kimeng'enya cha kuivunja kabla haijamfikia mtoto, na dhiki ikizidi ulinzi huo unaonekana kulegea. Hilo ndilo ulilolisoma kwenye simu, na si uongo. Lakini hukusoma hesabu zake. Watafiti wa Bristol, Uingereza, walifuatilia mimba zaidi ya 14,000 za miaka ya 1991 na 1992. Walipowachukua akina mama waliokuwa na wasiwasi mkubwa kuliko wote, wakakuta matatizo ya hisia na tabia kwa watoto wao ni karibu mara mbili: kutoka watoto 6 hivi kati ya 100 hadi karibu 12. Mara mbili, ukiisoma saa tisa usiku, inatisha. Ihesabu kwa upande wa pili basi. Watoto 88 hivi kati ya 100 waliobebwa na mama wenye wasiwasi mkubwa kabisa hawakuwa na tatizo hilo.

Uholanzi nako, baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walizuia chakula hadi mgawo ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Watoto ambao mimba zao zilitungwa njaa ilipokuwa kali kabisa, ukubwani skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, iliwapata karibu mara mbili ya wengine. Ni ugonjwa unaompata pungufu ya mtu 1 kati ya 100, kwa hiyo hata ukizidisha mara mbili, wengi mno walikua salama, wakaoa, wakazeeka. Na sisi wa Ugogo tusisahau tulikotoka. Kati ya 1917 na 1920 ilikuwepo njaa kuu iliyoitwa Mtunya, majeshi ya Vita Kuu yamechukua nafaka, ng'ombe na wanaume, mvua nayo imegoma. Walikuwepo wanawake waliobeba mimba katika njaa ile na wakajifungua. Wajukuu na vitukuu vyao ndio hawa wanaolima, wanaofundisha, wanaochunga na kuimba huko huko uliko.

Uliuliza dawa ya kuusafisha ubongo. Haipo. Atakayekuuzia, iwe ya chupa au ya mizizi, anataka hela yako tu. Ila kuna jambo lililoonekana London ambalo natamani kila mkunga angelijua. Mwaka 2010 watafiti walitoa taarifa ya watoto ambao kotisoli ilikuwa imepimwa kwenye maji ya chupa ya uzazi wakiwa bado tumboni. Walipofika mwaka na nusu hivi, wakapimwa uelewa. Wale ambao kotisoli ilikuwa juu, na ambao hawakuwa na uhakika wa kumkimbilia mama wakiogopa, walikuwa nyuma kiuelewa. Wale wenye uhakika huo, kotisoli ya tumboni haikuonekana kuwarudisha nyuma. Mtoto huzaliwa na ubongo wenye karibu robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, na akifika miaka 2 umeshapita robo tatu. Huyo wako ana miezi 7. Sehemu kubwa ya ujenzi inafanyika sasa hivi, mikononi mwako, na wewe umeketi pembeni kwa sababu unaamini umeshaubomoa.

Kwa hiyo, katika barua yako yote, kinachonipa hofu zaidi kwa ubongo wa mwanao ni wewe kuacha kumwimbia. Nasema hivi bila kukuongezea lawama, maana sonona ndiyo iliyokunyamazisha, na ndiyo tunayotaka itibiwe. Hata kabla hujapona, anza na kidogo. Anapokuwa macho, mlaze magotini uso wake ukuelekee. Akisema "ba", mrudishie "ba" halafu nyamaza umsubiri. Utaona anapumua, anakunja midomo, anaitafuta, anasema tena. Ukishindwa kuimba, mweleze unachofanya: mama anachambua mlenda, mama anakoroga uji. Dakika tano zinatosha ukiwa huna nguvu. Mdogo wako naye afanye hivyohivyo, mtoto anafaidi zaidi ya mkono mmoja.

Mama mkwe wako simlaani, huenda naye anaogopa kwa sababu ya yule wifi yake. Lakini nikimpata ana kwa ana nitamwambia hivi: mama, katika tafiti za mimba, kinachomtesa mjamzito sana ni ugomvi na mateso yanayotoka kwa mwenzi wake. Mwanao aliacha mke mwenye mimba, ndani ya msiba, bila matumizi. Kama tunahesabu yaliyomgusa mtoto huyu tumboni, hilo lipo kwenye hesabu. Na maneno unayomtupia mkweo leo mtoto anayasikia, hata kama hajui maana yake. Kuhusu Mirembe, ni hospitali. Nimewapeleka wagonjwa pale na nimewapokea wakirudi nyumbani kulima na kulea. Kuwa na shangazi wa ukoo aliyetibiwa huko kunaweza kuongeza uwezekano kidogo sana. Hakumpangii mtoto maisha yake.

Wewe tafuta mtu mzima mmoja wa upande wenu, mama mdogo au mjomba, akaongee na mama mkwe kwa heshima ili maneno hayo yakome. Na matunzo ya mtoto kutoka kwa baba yake ni haki ya kisheria. Ofisi ya ustawi wa jamii ipo, nenda ukiwa na nguvu kidogo, si lazima wiki hii.

Nina jambo linalonisumbua hadi leo. Miaka mingi nyuma, kwenye kituo kimoja cha mkoa huu, alikuja mjamzito ananuka komoni. Nilimkaripia mbele ya foleni nzima ya wanaosubiri kupimwa uzito. Nikamuuliza anataka kuzaa mtoto wa namna gani. Aliinama, akachukua kadi yake, akatoka. Hakurudi kliniki tena, wala sikumwona mtoto. Nilidhani namtetea mtoto, kumbe nilikuwa nimemfungia mlango. Kwa hiyo najua unachokiogopa ukiwaza kumwambia nesi kwamba ulikunywa. Mwambie hata hivyo. Akikukaripia, omba kuonana na mganga mfawidhi, wala usirudi nyumbani.

Ukiona maneno yanakugoma, mpe nesi karatasi uliyoandika hivi: "Nina mtoto wa miezi 7. Nilikunywa pombe miezi minne ya kwanza ya mimba kabla sijajua. Naomba apimwe mzunguko wa kichwa, macho, masikio na hatua za ukuaji, na afuatiliwe. Mimi silali, nimewaza kufa, naomba nami nipimwe sonona." Yapo maswali 10 yaliyotungwa Edinburgh mwaka 1987 kwa ajili ya akina mama waliojifungua, hayachukui hata dakika kumi. Wakiona inafaa watakupa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, kwenye kliniki ya afya ya akili. Kuna tiba ya mazungumzo, na zipo dawa ambazo mama hutumia huku akiendelea kunyonyesha, kwa hiyo usikubali kuachishwa kunyonyesha kabla daktari hajakueleza sababu.

Kichwa watakipima kwa tepu, juu kidogo ya nyusi na kuzunguka nyuma pale palipotokeza zaidi. Namba moja peke yake haisemi mengi, ni mwendo wake mwezi hadi mwezi unaoonyesha. Waombe waiandike kwenye kadi. Ukirudi, niandikie namba hiyo na tarehe. Na usiku wa leo ukimwimbia, hata ubeti mmoja, niambie ulikuwa wimbo gani.